Pasaka ya Masika: Nani Anabeba Hasara ya Mvua?

Wiki ya Pasaka inapokaribia, simu za wakazi wa Dar es Salaam na Nairobi huonyesha picha ile ile: wingu na matone, kuanzia Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu. Hapo ndipo safari zinapoanza kughairiwa. Nungwi, Diani, Malindi, Bagamoyo hadi Kigamboni, biashara ya mapumziko ya sikukuu huingia wikiendi hiyo ikiwa roho juu.

Mgogoro wenyewe uko kwenye kalenda. Pasaka haitangulii 22 Machi wala haivuki 25 Aprili, na mvua za masika hushika ukanda wa pwani kati ya Machi na Mei. Mwaka 2024 sikukuu iliangukia 31 Machi, masika yakiwa ndiyo kwanza yanabisha hodi. Mwaka 2025 ilikuwa 20 Aprili, katikati ya mvua. Mfanyabiashara anayepanga Pasaka moja kwa kutazama mauzo ya Pasaka iliyopita anafananisha misimu miwili tofauti.

Hoteli kubwa zimeshazoea. Aprili na Mei ni miezi ya watalii wachache kutoka nje, kwa hiyo nyingi hushusha bei, hupeleka wafanyakazi likizo, hukarabati mapaa na kupaka rangi. Baadhi za Zanzibar hufunga kabisa. Pasaka huziletea mgeni wa ndani, familia ya mjini yenye siku nne za mapumziko, na mgeni huyo hutakiwa kulipa malipo ya awali. Akighairi kwa kuogopa mvua, hoteli hubaki na chochote mkononi.

Nahodha wa mashua hana hicho chochote. Chukua anayepeleka wageni kisiwa cha Changuu kutoka Mji Mkongwe. Petroli ya mashine hununuliwa jioni ya kuamkia safari. Barafu na maji ya chupa vivyo hivyo. Kijana wa kushika kamba na kuteremsha wageni ameshaahidiwa siku yake, na mara nyingi safari imeuzwa na hoteli au wakala, hivyo nahodha analipwa wageni wakishapanda. Saa mbili asubuhi unakuja ujumbe mfupi: wageni wameona mvua, hawaji. Saa nne jua linawaka na bahari imetulia, lakini wageni wako vyumbani wanatazama televisheni na petroli imo kwenye galoni. Mama lishe aliyenunua pweza wa siku tatu anapiga hesabu hiyo hiyo, tena yeye pweza wake anaoza.

Mvua ya masika pwani mara nyingi hushuka usiku na alfajiri, kisha ikaachia. Picha ya wingu kwenye simu haisemi mvua itanyesha saa ngapi, wala kama ni Paje au Mkokotoni. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husema zaidi: mvua ni ya maeneo machache au mengi, upepo unatoka wapi na kwa kasi gani, mawimbi yatafika mita ngapi. Kwa mwenye mashua, upepo na mawimbi ndiyo habari yenyewe. Abiria kulowa ni jambo dogo. Hata hivyo wakala wengi hawamtumii mteja wao taarifa hiyo, ingawa inatolewa bure na kwa Kiswahili. Naliona hilo kuwa uzembe wa kibiashara.

Sisemi watu walazimishwe kwenda baharini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa, na mvua zake zikakata barabara ya Lindi eneo la Somanga. Angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa zina maana yake, na nahodha anayepuuza onyo asipewe abiria. Ninachodai ni kutofautisha siku hizo na asubuhi ya kawaida ya mawingu.

Nje ya utalii, wanaoumia ni wanaotegemea jua kukausha. Mwani wa Jambiani unahitaji siku mbili tatu za jua. Ukinyeshewa hushuka daraja. Dagaa wa Unguja, ambao wengi huishia masoko ya Kongo, wakikosa jua huharibika kwenye chanja, na mnunuzi hapunguzi masharti kwa sababu ni sikukuu.

Njia ya kugawana hasara ipo na haihitaji sheria mpya. Malipo ya awali ya safari ya bahari yafike kwa nahodha angalau kwa kiasi cha mafuta na posho ya msaidizi, na mteja apewe haki ya kusogeza safari kutoka asubuhi hadi mchana, au hadi kesho yake, badala ya kughairi. Vyama vya waongoza watalii na wenye hoteli vinaweza kukubaliana hilo kabla ya Idi el-Haji. Idi el-Fitri inaanza kutoka kwenye masika ikirudi nyuma kuelekea kaskazi, lakini Idi el-Haji, inayorudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, ndiyo inaingia: mwishoni mwa Mei 2026, katikati ya Mei 2027, na mapema Mei mwaka utakaofuata.