Sura ya Sita: Trekta Hili Ni la Mwaka Gani?

Mwenye trekta kuukuu hajawahi kusita anapoulizwa mwaka wake. "La thelathini na tano," atajibu, na akiona unatilia shaka atakupeleka ubavuni mwa boneti: si hiyo hapo, 35? Jirani yake mwenye 165 atadai lake ni la 1965. Huyu wa pili amebahatisha, maana kweli Massey Ferguson walizindua 135 na 165 mwishoni mwa 1964, na bahati yake ndiyo iliyowapotosha wengine wote. Ferguson FE35 lilitoka Coventry, Uingereza, mwaka 1956. Ile 35 inakaribia hospawa za injini, haihusiani na kalenda.

Kwenye injini mambo ni yaleyale. Perkins ya silinda tatu huitwa 3.152, basi mtu anaikata ile 152 na kupata mwaka wa 52. Tatu ni silinda. 152 ni inchi za ujazo, kama lita mbili na nusu. Basi.

Sura hii ina ngazi tatu: kibati cha namba, injini, na vifaa vya umeme. Kabla ya kupanda, kuna takataka mbili za kufagia.

Ya kwanza ni rangi. Husemwa la kijivu ni kongwe na jekundu ni la juzi. Kiwandani ilikuwa hivyo: Ferguson zilikuwa za kijivu, FE35 ikaja na kijivu na rangi ya shaba, na mwishoni mwa 1957 wekundu ukaingia. Lakini trekta la umri huo limeshapakwa rangi mara ngapi? Unachokiona ni kopo lililokuwepo dukani siku ile fundi alipotumwa. Dalali anayegonga boneti kwa spana ili "asikie chuma cha Mwingereza" anasikia bati, kwa kuwa boneti ni bati. Wapo wanaolipa zaidi kwa mlio huo.

Ya pili ni kadi, au logibuku kwa walio Kenya. Tarehe ya kusajiliwa ni siku trekta lilipoingia kwenye vitabu vya serikali, na huenda lilikuwa limeshalima Uingereza miaka ishirini kabla ya kupakiwa melini. Mwaka wa kutengenezwa, pale unapojazwa, mara nyingi ni ule karani alioambiwa na mwenye mali.

Sasa kibati. Ferguson TE20 lilitengenezwa na Standard Motor Company pale Banner Lane, Coventry, kuanzia 1946 hadi 1956, na kibati chake kiko kwenye dashibodi. Kina herufi na tarakimu, na herufi ndizo zinazoponza watu. T ni trekta, E ni England. Herufi ya tatu huhesabiwa kama miaka: TEA mwaka wa kwanza, TED wa nne, TEF wa sita. Sivyo kabisa. A ni petroli, D ni mafuta maalumu ya trekta yaliyokaribiana na mafuta ya taa, F ni dizeli, H ni mafuta ya taa yenyewe. Yote yalitoka kiwanda kimoja, na mengi kati yake mwaka mmoja.

Mwaka umo kwenye tarakimu, zilizokwenda mfululizo bila kujali injini. Mwaka 1949 ulianzia karibu 77,000. 1950 karibu 116,000. 1951 karibu 168,000. 1952 karibu 241,000. Kwa hiyo TED namba 190,000 na TEA namba 191,000 yote ni ya 1951, hata kama moja limechakaa mara mbili ya lingine.

Ngazi ya pili ni injini. Tangu 1974 Perkins waliandika namba ndefu: herufi za familia ya injini, namba ya orodha ya vipuri, U kwa zilizotengenezwa Uingereza, namba ya mfululizo, na mwishoni kabisa herufi moja ya mwaka. A ni 1974, B ni 1975, C ni 1976, endelea hivyo hadi H, 1981. I inarukwa, J ni 1982. Ukikuta 135 lenye kibati cha 1968 na injini inayoishia na E, usimwite muuzaji mwizi. Mtu aliichosha injini ya kwanza akafunga ya 1978, na pengine amekufanyia hisani.

Lakini hapo swali lenyewe linageuka: mwaka wa kitu gani? Chukua Shervick. Mpango wa karanga wa Waingereza ulipoanza Tanganyika mwaka 1947, matrekta ya minyororo ya kung'oa pori la Kongwa hayakupatikana kwa idadi iliyotakiwa; dunia nzima ilikuwa inayagombea baada ya vita. Vickers-Armstrongs wakachukua viungo vya vifaru vya Sherman, pamoja na mfumo wa minyororo, wakaunda trekta. Jina wakalikata kutoka kwa wazazi wote wawili. Sherman ziliundwa Marekani wakati wa vita, hadi 1945. Ukipewa minyororo ya vita na kibati cha baada ya vita, utaandika mwaka gani kwenye fomu? Mimi huandika wa kibati, kisha nabishana na kila anayekubaliana nami, kwa sababu mpango wenyewe ulivunjwa 1951 na udongo wa Kongwa, mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, haukuwahi kuuliza umri wa kilichoulima.

Ngazi ya tatu imebaki na nafasi kidogo. Dainamo na stata za Lucas zilipigwa mhuri wa mwezi na mwaka: 6 51 ni Juni 1951. Mhuri ukitangulia trekta kwa miezi michache, huenda kifaa ni chake cha asili. Ukichelewa kwa miaka, kimefungwa baadaye. Ukitangulia kwa miaka kumi, kimetolewa kwenye trekta lingine. Kibati kikiwa kimeng'olewa, kusanya mihuri yote uone inakubaliana wapi, wala usitegemee mmoja.

Tangazo la uaminifu la lile 135 lingesomeka hivi: kutoka kiwandani 1968, injini 1978, kadi 1984, rangi ya mwaka jana.