Chuma Kikuukuu Ghalani Huenda Ni Bomu

NCHI JIRANI: MSUMBIJI



Tulipowatembelea wenzetu wa shamba moja katika jimbo la Manica, tulionyeshwa ghala la vyuma chakavu. Chini ya majembe ya trekta na mabomba mabovu palikuwa na vipande vinene vya chuma vilivyookotwa shambani miaka mingi. Fundi alikuwa ameamriwa avikate kwa gesi ili viuzwe. Alikataa, na msimamizi akatishia kumkata mshahara.

Fundi yule alikuwa na sababu. Tarehe 23 Novemba 1977, ndege za walowezi wa Rhodesia zilishambulia kambi ya ZANLA karibu na Chimoio, iliyokuwa na wapigania uhuru na wakimbizi. Waliuawa watu zaidi ya elfu moja. Miongoni mwa silaha zilizotumika ni bomu dogo liitwalo Alpha. Ni la mviringo kama mpira, lina uzito wa kilo 6 hivi, na lina maganda mawili ya chuma yenye mpira katikati. Likianguka hudunda, kisha hulipuka juu ya ardhi. Mengine hayakulipuka.

Mwaka 2015 Msumbiji ilitangaza kumaliza kusafisha maeneo yaliyojulikana kuwa na mabomu ya kutegwa ardhini. Lakini tangazo hilo halihusu chuma kilichookotwa na mtu na kutupwa ghalani.

Tutatambuaje? Tazameni kwa macho tu, kwa mbali. Dalili ni hizi:

1. Chuma kinene kilichopinda kama kigae cha chungu, kingo zake zimechanika na ni kali.
2. Mapezi ya bati, ambayo ni mkia wa bomu.
3. Sikio la chuma la kuning'inizia bomu kwenye ndege.
4. Tundu la duara lenye hesi ndani, mahali pa kufungia kiwashio.
5. Namba zilizogongwa, au mistari ya rangi. Rangi isipoonekana msidanganyike, kwani kutu huila.

Vipande vidogo vilivyochanika kwa kawaida vimetoka kwenye bomu lililolipuka. Cha kuogopa zaidi ni kipande kikubwa, au bomu lililopasuka bila kulipuka. Ndani yake huweza kuganda kitu kama nta au sabuni kavu, cha manjano au kahawia. Hiyo ni baruti, nayo huweza kubaki hatari hata ikizeeka. Moto wa gesi au pigo la nyundo huweza kuilipua.

Mkiona dalili hata moja, msiguse, msihamishe, msikwangue kutu. Tokeni wote, fungeni mlango, wekeni mlinzi mbali, mwiteni polisi.

Msimamizi akishurutisha, mkumbusheni Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981. Kifungu cha 13 kinataka alindwe mfanyakazi anayeondoka kazini kwa sababu za haki za kuamini kwamba maisha au afya yake imo katika hatari kubwa iliyo karibu.

Kule Manica wafanyakazi wote walisimama na fundi wao, na kazi ikasimama. Wataalamu walipofika walikuta vingi ni vipande vitupu. Kimoja kilikuwa bado na baruti.

Mshahara wa fundi haukukatwa. Na hata ungekatwa, tungeudai. Mkono uliokatika haudaiwi.

Umoja ni nguvu.