Pilipili kwa Balkoni

Msee anakaa orofa ya sita huko Pipeline, dirisha yake inaangalia ukuta wa ploti ingine, alafu mtu anamshow apande sukuma kwa gunia. Aii. Sukuma inataka nafasi na maji mob. Kwa keja ndogo panda pilipili. Mti mmoja ukishika fiti unakupea za kachumbari, za mayai boilo na za mutura, na jirani akibisha mlango hutamnyima. Hii kitu naipenda vibaya, na nataka kila msee wa mtaa ajue venye inaenda.

Mbegu ziko kwa pakiti agrovet yoyote, lakini pia unaweza dandia mat mpaka Marikiti ununue pilipili za mbao. Chagua zenye zimeiva nyekundu kabisa, ju za kijani mbegu zake hazijakomaa. Pilipili kichaa, ile ndogo inasimama ikiangalia juu, ndio inakubali mkebe haraka. Pilipili mbuzi, ile ya mikunjo wasee wa Mombasa wanapenda, ina harufu tamu kushinda zote na ukali wa kuogopesha, lakini inajivuta sana kuiva. Pasua, toa mbegu, anika kwa karatasi kivulini. Ka ulinunua pakiti imeandikwa F1, usihifadhi mbegu za matunda yake, ju miti yenye itatoka haitafanana na mama yao.

Alafu kuna joto, na hapa ndio wengi wanakatia tamaa bure. Mbegu ya pilipili inapenda udongo wa digrii 25 hadi 30 hivi. Nairobi iko juu, mita 1,700 na kitu, na mwezi wa saba usiku baridi inauma kweli. Ukipanda hiyo time mbegu inalala tu kwa udongo, ama inaoza. Ngoja mwisho wa mwezi wa nane, baridi ikianza kutoka, ama panda mwezi wa kwanza. Tumia mikebe ya yoghurt yenye umetoboa chini, udongo laini umechanganywa na samadi imeoza vizuri, mbegu iende chini nusu sentimita tu. Kata chupa kubwa ya soda ufunike juu, na uweke mahali pana joto, ka juu ya friji kule nyuma. Penye kuna joto utaona kijani baada ya wiki moja hadi mbili. Zingine zinachukua wiki tatu na bado ziko sawa, kwa hivyo usichimbue kuangalia.

Zikitokea tu, toa kifuniko na uzipeleke kwa mwanga siku hiyo hiyo. Mche wenye unakosa mwanga unarefuka, unakuwa mwembamba, alafu unaanguka. Maji nayo yasizidi, ju shina changa linaozea pale chini kwa udongo na mti unalala usiku mmoja. Dunga kidole: ka udongo bado una unyevu, wachana nayo. Siku za mgao tumia maji yenye uliosha mchele.

Ikifika majani sita, hamisha kwa mkebe mkubwa. Ule wa Kasuku wa kilo mbili unatosha kichaa, lakini mtungi wa lita 20 umekatwa juu ndio mbuzi inaheshimu. Toboa matundu mob. Sasa tafuta jua la masaa sita. Ka balkoni haina, ongea na keretaka mapema akupee kona huko juu kwa paa, na zikiiva umpelekee zake. Kwa paa utaona ndege wakizidonoa bila kushtuka. Ule ukali unatoka kwa kemikali inaitwa kapsaisini, inaamsha mishipa yenye kazi yake ni kuskia moto, na ya ndege haiamki. Mwanasayansi wa California, David Julius, alitumia hiyo hiyo kapsaisini kuipata ile sehemu ya mshipa inaskia joto, na 2021 akashinda Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Kapsaisini imejaa kwa ule utando mweupe wa ndani, si kwa mbegu. Na haiyeyuki kwa maji: mdomo ukiwaka kunywa mala, na mikono ipake mafuta kwanza ndio uioshe na sabuni.

Maua yakitoka orofa za juu nyuki ni wachache, lakini ua la pilipili linajichavusha lenyewe. Tikisa tawi polepole asubuhi, inatosha. Vidukari wakijificha chini ya majani, changanya kijiko cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, upulize jioni jua ikishuka. Na zikianza kuiva, chuma kila mara. Mti wenye unachumwa unazidi kutoa maua.

Dania ukiivuna mara kadhaa imeisha. Pilipili, mahali hakuna baridi ya kugandisha, inaishi miaka, na hiyo ndio inaifanya mmea wa msee wa kurent. Landilodi akiongeza rent unahama nayo. Kabla pickup ifike kata matawi marefu, funga shina na kijiti, na usimwagilie, ju mtungi wa udongo umeloa ni mzito noma kwa ngazi. Ukifika uiweke kivulini kwanza, uisogeze juani polepole, na majani yakianguka usipanik. Na siku ya kuona hiyo keja mpya, kabla upime ka kitanda itaingia, uliza keretaka jua inaingilia dirisha gani.