Gemu za zamani na za sasa: Kwa nini mtoto hasimami anapoitwa

Mama mmoja ametuletea swali ambalo tumeona tulijibu kwa urefu, kwani tunaamini si la nyumba yake peke yake. Anasema mwanawe wa miaka 14 akishika simu kucheza gemu, haitiki. Adhana ya Magharibi inaadhiniwa, chakula kinapakuliwa, na jibu lake ni lile lile: "Mama, dakika kumi tu, hii haisimami." Baba yake hukasirika na kusema kwamba hata wao walicheza gemu za kompyuta ujanani, lakini wakiitwa waliitika. Mama anauliza: huyu mtoto amekosa adabu, au anaumwa?

Baba anasema kweli, na mtoto naye anasema kweli. Gemu za baba zilikuwa zinasimama. Nyingi anazocheza mtoto hazisimami, na waliozitengeneza hawakukusudia zisimame. Tofauti hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo, maana usingizi wa mtoto, macho yake na hata pesa ya nyumba vimo humo ndani.

Zilivyokuwa za zamani

Wenye umri wa baba huyu watakumbuka Prince of Persia, gemu aliyoitengeneza Mmarekani Jordan Mechner na ikatoka mwaka 1989. Kijana aliyevaa nguo nyeupe anakimbia katika mahandaki ya jumba la mfalme, anaruka mashimo yenye miba ya chuma, naye amepewa dakika 60 tu kumwokoa binti mfalme. Saa moja ikiisha, gemu imekwisha. Mwandishi wa safu hii aliicheza katika kompyuta ya ofisi baada ya saa za kazi, na aliangukia ile miba mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri. Lakini bosi alipotokea mlangoni, ulibonyeza kitufe kimoja na yule kijana akaganda pale pale alipo, mguu mmoja hewani, akikusubiri.

Mwaka 1990 ilikuja programu ya Windows 3.0 na karata zake za Solitaire. Mwaka 1993 ikaja DOOM, na mwaka 1997 Age of Empires, ambayo mchezaji anajenga mji, analima, anachimba dhahabu na kupigana na jirani. Nyingi za gemu hizi zilikuwa na hatua za kuhesabika. Ukifika ya mwisho umemaliza, unampa mwenzio diski naye ajaribu. Zile ndefu uliweza kuzihifadhi, ukazima kompyuta, ukarudi kesho au baada ya mfungo wa Ramadhani na kuukuta mji wako kama ulivyouacha, bila ya mtu kuuchoma moto wala kuupunguzia cheo.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa afya wanalitilia uzito: mahali. Kompyuta ilikuwa dubwana zito, na kioo chake kilihitaji meza ya peke yake. Ilikaa sebuleni au ofisini, na wengi wetu hatukuwa nayo nyumbani, tulicheza kwa mjomba au katika vituo vya mafunzo ya kompyuta kwa zamu. Nyuma yako palikuwa na ndugu watatu wanaosubiri zamu yao, wanaokuelekeza, wanaokucheka. Katika gemu za mpira wawili waligawana kibodi moja, viwiko vikigongana. Mkubwa akisema basi, ni basi, na umeme ukikatika hapakuwa na wa kumlalamikia. Hakuna aliyeweza kuibeba kompyuta ile akaingia nayo chini ya shuka.

Hata hivyo, baba asijisifu sana. Neno la Kizungu la hamu hii ya mambo ya zamani, "nostalgia", lilibuniwa mwaka 1688 na daktari wa Uswisi, Johannes Hofer, naye alilibuni kama jina la ugonjwa: maumivu ya mtu aliye mbali na kwao. Leo madaktari hawaihesabu kuwa maradhi, ila tabia yake moja inajulikana, nayo ni kusafisha kumbukumbu. Tunakumbuka ile miba ya Prince of Persia, tunasahau diski zilizokuja na virusi vya kompyuta. Tunasahau kwamba DOOM ilijaa damu na bunduki na wazazi wa wakati ule waliipigia kelele. Tunasahau vioo vile vya zamani vilivyokuwa vikipepesa mpaka kichwa kikauma. Katika hilo vioo bapa vya leo ni nafuu kwa macho. Na kuna gemu ya Civilization, iliyotoka mwaka 1991, ambayo watu wazima wenye kazi na familia waliicheza wakisema "zamu moja tu zaidi" mpaka alfajiri. Kwa hiyo kunasa kulikuwepo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba zamani gemu ikishauzwa, aliyeitengeneza hakujali tena unaicheza saa moja au saa kumi.

Biashara iliyogeuka

Hapa ndipo penye shina la jambo. Gemu ya zamani ilinunuliwa mara moja. Ile DOOM, kwa mfano, sehemu yake ya kwanza ilitolewa bure watu wanakiliane, na aliyependezwa alilipia zilizobaki. Akishalipa, biashara imekwisha. Gemu nyingi za simu za leo, kama Free Fire iliyotoka mwaka 2017, zinapakuliwa bure na hazina sehemu ya mwisho. Kampuni inapata pesa mchezaji anapobaki ndani na kununua vitu vidogo vidogo: nguo za mchezaji, rangi ya bunduki, mtindo wa kucheza ngoma baada ya kushinda. Basi kazi ya watengenezaji ikawa ni kumfanya asiondoke, na akiondoka, arudi kesho.

Wanafanyaje? Kuna zawadi ya kila siku, na ukiikosa siku moja hairudi. Kuna msimu wa wiki kadhaa wenye vitu ambavyo msimu ukiisha havipatikani, hivyo mtoto anacheza kwa kuogopa kupitwa. Na kuna makasha ya bahati: unalipa kwanza, unafungua, ndipo unajua umepata nini, pengine kitu adimu, mara nyingi takataka. Msomaji atajiuliza hilo lina tofauti gani na kamari. Ubelgiji ilijiuliza hivyo hivyo, na mwaka 2018 mamlaka yake ya michezo ya kubahatisha ikasema kwamba makasha yanayouzwa kwa pesa katika baadhi ya gemu ni kamari kwa sheria za nchi hiyo. Nchini Marekani, Desemba 2022, kampuni ya Epic Games yenye gemu ya Fortnite ilikubali kulipa dola milioni 520 katika kesi mbili. Milioni 275 zilihusu taarifa za watoto zilizokusanywa bila ya idhini ya wazazi, na milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia watu waliovutwa kwa hila za vitufe wakanunua wasichokusudia.

Sasa turudi kwa lile la "haisimami". Katika Free Fire, watu wapatao 50 wanashushwa katika kisiwa kimoja, kila mmoja akiwa na simu yake, mmoja Mwanza, mwingine Tanga, na anayebaki hai mwisho ndiye mshindi. Mechi huchukua dakika kumi hivi. Katika PUBG na Fortnite wanafika 100, na mechi ya PUBG inaweza kukaribia nusu saa. Hakuna kitufe cha kuwasimamisha watu 49 wengine kwa sababu chakula cha mama kimeiva. Akiiweka simu chini anauawa, cheo chake kinashuka, na wenzake watatu wa kikosi, ambao pengine ni wanafunzi wa darasa lake, watamlaumu kesho shuleni. Kwa hiyo mtoto anayesema "dakika kumi" si lazima awe mkaidi. Yumo katika kitu kama mechi ya uwanjani, ila mechi hii haina saa maalumu na ikiisha nyingine inaanza kwa kugusa mara moja.

Mwilini kunatokea nini

La kwanza ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa usiku na mchana wake, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Gemu ya mashindano inauamsha mwili: moyo unakwenda mbio, na hata simu ikizimwa mwili hautulii papo hapo. Ongeza na mwanga wa kioo kilicho karibu na uso, unaouchelewesha ubongo kujua kwamba ni usiku. Atakayeamshwa Alfajiri akaamka kama mlevi, huyo si mvivu, amelala saa nne. Korea Kusini mwaka 2011 iliweka sheria ya kuwafungia watoto wa chini ya miaka 16 gemu za mtandaoni za kompyuta kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Sheria ile haikugusa simu, na watoto wakahamia kwenye simu. Ilikoma kutumika Januari 2022. Serikali yenye kompyuta zote zile haikuweza kulinda usingizi wa mtoto kwa sheria pale kifaa kilipoingia kitandani.

Macho nayo: kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika, lakini anapokodolea kioo hupepesa mara chache zaidi, na jicho linakauka, linawasha, linakuwa jekundu. Dawa yake haina gharama. Kila dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Vile vile mtoto acheze nje mchana, kwani imeonekana kwamba watoto wanaokaa nje katika mwanga wa jua hawapati sana tatizo la kutoona mbali. Shingo na vidole gumba tuviache kwa leo, ila usafi tuuguse kidogo: simu ile ile inaingia chooni, inakaa juu ya mkeka, kisha inashikwa katikati ya kula. Izimwe, ipanguswe kwa kitambaa laini kilicholoa spiriti kidogo, na mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula hata kama "nilikuwa nacheza tu".

Ama kuhusu swali la ugonjwa: lipo tatizo linalotambulika. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeliweka katika orodha yake ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini masharti yake ni mazito. Mtu awe ameshindwa kujizuia, gemu iwe imetangulia mambo mengine yote ya maisha, aendelee ingawa anaona madhara, na masomo au mahusiano yake yawe yameharibika kweli, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kijana anayechelewa mezani lakini anasoma, anacheza na wenzake na analala, hajafika huko. Anayeacha shule au anayeiba pesa ili kununua makasha, huyo apelekwe kwa daktari, asichapwe.

La kufanya nyumbani

Tunashauri mzazi aanze na kitanda. Usiku simu zote, ya baba ikiwemo, zichajiwe chumba kimoja, mbali na wanaolala. Namba ya siri ya kulipia kwa simu asipewe mtoto, wala isihifadhiwe ndani ya gemu. Kisha, nyakati za swala zinajulikana tangu asubuhi, basi mkubaliane kwamba nusu saa kabla ya adhana haianzishwi mechi mpya. Huo ni mkataba ambao mtoto anaweza kuutimiza. Kumwambia aache katikati ya mechi ni kumwomba awasaliti wenzake mbele ya watu, na mtavutana kila siku.

Baba naye anaweza kumwonyesha alichokuwa akicheza. Age of Empires ya pili, ya mwaka 1999, ilitengenezwa upya mwaka 2019 na inauzwa. Mtandao wa GOG, ulioanza mwaka 2008, unauza gemu nyingi za zamani kwa kompyuta za sasa. Si zote zinazopatikana, maana uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2023 ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka huko kabla ya mwaka 2010 hazipo tena sokoni. Asitarajie kijana ataiacha Free Fire kwa siku moja. Ataiona ya baba inakwenda polepole na picha zake ni mbaya. Lakini wakikaa wawili mbele ya kioo kimoja, huku wakijenga mji na kubishana wapi pa kulima, angalau mtoto atajua kitufe cha kusimamisha kiko wapi.

Na mama uliyetuandikia, kwa leo tu, mwanao akisema "dakika kumi", usimuulize kwa nini hasikii. Mwulize: "Wamebaki wangapi?" Idadi ya walio hai huonekana kwenye kioo chake muda wote. Akisema 40, mechi ndiyo kwanza imeanza na alijua Magharibi imekaribia, hapo mna mazungumzo. Akisema watano, mpe zake dakika mbili umalizie kupakua.