Kuvumbua na Kugundua Mbele ya Sheria ya Hataza

Afikaye Tinde, mkoani Shinyanga, hukuta njia panda: barabara moja yaenda Shinyanga mjini na Mwanza, ya pili yaenda Kahama. Mbele ya njia hizo ni nchi ya dhahabu hata Geita, ambako wachenjuaji huloweka marudio katika maji ya sianidi ili kuipata dhahabu iliyosalia. Katika karne ya 19 sianidi ilikuwamo pia mikononi mwa wapiga picha. Waliitumia kuyeyusha chumvi za fedha zisizopigwa na mwanga, ili picha isizidi kuwa nyeusi. Kemia hizi mbili zaonyesha vizuri jinsi haki ya mvumbuzi iwezavyo kutegemea maana ya neno.

Sheria ya Hataza ya Tanzania ya mwaka 1987 humlinda aliyepata ufumbuzi wa tatizo la kiufundi, nao uwe mpya, usiwe dhahiri kwa mjuzi wa kazi hiyo, na uweze kutumika viwandani. Ugunduzi mtupu wa jambo la maumbile haulindwi. Na tukitazame Kiswahili. Kitenzi vumbua, kwa umbo lake, ni kinyume cha vumbika, kama vile funua na funika, au zibua na ziba. Avumbikaye ndizi huzifukia zipate kuiva, avumbuaye huzifukua. Kwa asili, basi, mvumbuzi ni mtu atoaye nje kilichokuwapo tangu awali, yaani jambo lile lile ambalo sheria yakataa kulilinda! Gundua nalo ni kumkuta mtu au mnyama kwa ghafla. Leo maneno haya mawili hupokezana nafasi ovyo, hata katika maandishi ya wasomi.

John Herschel alitambua mwaka 1819 kwamba chumvi za thaiosalfeti huyeyusha chumvi za fedha. Huo ni ugunduzi. Mwaka 1839 alizitumia kuifanya picha isiharibiwe na mwanga. Hiyo ni njia ya kazi, na njia ndiyo iombewayo hataza. William Henry Fox Talbot alipata hataza ya njia yake mwaka 1841. Frederick Scott Archer aliitangaza njia yake ya kolodioni mwaka 1851 bila kuomba hataza, akafa maskini mwaka 1857. Talbot alidai kwamba hata kolodioni imo katika haki yake, akamshtaki mpiga picha Laroche. Desemba 1854 jopo la raia waamuzi lilimkubali Talbot kuwa mvumbuzi wa kweli wa njia yake, walakini likaona kwamba Laroche hakuivunja haki hiyo. Mabishano mengi yalihusu kama asidi ya galiki na ya pirogaliki zahesabiwa kitu kimoja.

Sianidi nayo ilifikishwa mahakamani. John Stewart MacArthur na ndugu wawili Forrest, wa Glasgow, walipata hataza mwaka 1887. Mwaka 1896 ikafutwa Transvaal. Kwamba sianidi huyeyusha dhahabu kulikwisha kuandikwa miaka mingi kabla yao.

Tuseme sasa fundi picha wa Tinde amechanganya dawa mpya ya kusafishia filamu. Ombi lake atalipeleka kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, na ni busara asiieleze dawa hiyo hadharani kabla ya hapo. Akiandika, "nimevumbua kwamba chumvi hii huyeyusha fedha," ametaja ugunduzi, na mlango umefungwa. Yampasa kueleza njia: kiasi gani, joto gani, muda gani, na tofauti yake na dawa za zamani.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, kwa hiyo wafasiri hawawezi kuliacha jambo hili lijiendee. Rai yangu ni kwamba uvumbuzi libakie kwa kitu kilichotungwa na akili ya mtu, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka, na ugunduzi kwa kilichokuwapo. Kisha maana hizo ziandikwe ndani ya sheria yenyewe, zisiachiwe kamusi. Mimi binafsi ningalipendelea ubunifu. Lakini kubuni ni pia kuzua uongo, na wakili wa upande wa pili asingalikosa kulikumbusha baraza.