Hanoi kwa Xích Lô: Je, Anayenyonga Pedali Anapata Nini?

Sharika zetu nyingi hupokea wageni kutoka ng'ambo, na baadhi ya kamati zimeanza kuwaandalia ziara za kutembelea vijiji, masoko na miradi. Swali linalojitokeza katika vikao ni namna ya kuwaonyesha wageni mahali petu kwa heshima, na namna ya kuhakikisha kwamba fedha wanayotoa inamfikia mtu aliyefanya kazi. Katika toleo hili tunaeleza mfano mmoja kutoka mbali, yaani ziara ya mji wa Hanoi, makao makuu ya Vietnam, kwa kutumia chombo kiitwacho xích lô. Wajumbe watatu wa dayosisi tulipata nafasi ya kufanya ziara hiyo tukiwa huko kwa mafunzo, na tuliona kwamba yapo ya kujifunza.

Xích lô ni chombo gani?

Xích lô (hutamkwa karibu na "siklo") ni baiskeli ya magurudumu matatu yenye kiti cha abiria. Magurudumu mawili yako mbele, na kiti kimewekwa kati yake. Gurudumu la tatu liko nyuma, na hapo juu hukaa dereva na kunyonga pedali. Wasomaji wanaoijua guta ya Dar es Salaam watauelewa upesi mtambo huu, ila guta imetengenezwa kwa ajili ya mzigo na xích lô kwa ajili ya mtu. Dereva hakati kona kwa usukani kama wa baiskeli ya kawaida. Hushika bomba lililo nyuma ya kiti na kuisukuma sehemu yote ya mbele, kiti pamoja na abiria wake.

Tofauti na riksho za India na Bangladesh, ambako dereva hukaa mbele, hapa abiria ndiye anayetangulia. Faida yake ni kwamba mgeni huona barabara yote bila kuzibwa na mgongo wa mtu. Hasara yake ni kwamba hamwoni anayemwendesha. Husikia tu pumzi zake wakati wa kupanda daraja. Jambo hilo tutalirudia.

Asili yake

Katika miaka ya 1880, wakati wa utawala wa Wafaransa, vililetwa Hanoi vigari vya magurudumu mawili vya kukokotwa na mtu anayekimbia kwa miguu, ambavyo asili yake ni Japani. Mwaka 1939 Mfaransa mmoja aitwaye Coupeaud, aliyekuwa akiishi Phnom Penh katika Kambodia, alitengeneza chombo cha pedali. Ili kuonyesha kwamba kinafaa, kiliendeshwa kutoka Phnom Penh hadi Saigon, safari ya zaidi ya kilomita 200, huku waendeshaji wakipokezana. Kwa Kifaransa kiliitwa cyclo-pousse, na neno la Kivietnam xích lô limetokana na hilo.

Kazi hii haikuwa ya watu wasio na elimu peke yao. Baada ya vita kwisha mwaka 1975, katika mji wa Saigon ulioitwa Ho Chi Minh City tangu mwaka 1976, wengi waliokuwa askari au watumishi wa serikali iliyoshindwa walirudi kutoka makambini wakakuta milango ya ajira imefungwa. Baadhi yao walishika xích lô. Mgeni wa miaka ya baadaye aliweza kupanda chombo akakuta dereva wake anazungumza Kiingereza au Kifaransa safi, kwa sababu zamani alikuwa mwalimu au ofisa. Mwaka 1995 filamu iliyoitwa Cyclo, ya mwongozaji Trần Anh Hùng, inayomhusu kijana mnyonga pedali wa mji huo, ilishinda tuzo kuu ya Simba wa Dhahabu huko Venice. Kwa njia hiyo kazi ya mtu maskini ilijulikana duniani.

Ndani ya Mitaa 36

Hanoi ilifanywa makao makuu mwaka 1010, na eneo lake la kale liko kaskazini mwa ziwa Hoàn Kiếm. Watu huliita Mitaa 36, ingawa idadi halisi ya mitaa ni kubwa zaidi. Majina mengi huanza na neno Hàng, maana yake bidhaa. Hàng Bạc ni mtaa wa fedha, yaani madini ya fedha. Hàng Thiếc ni wa mabati. Hàng Mã ni wa vitu vya karatasi ambavyo watu huvichoma kwa ajili ya mababu zao. Hàng Đường ulikuwa wa sukari na leo unauza matunda yaliyokaushwa na peremende.

Mgeni anayepita kwa gari huona maduka tu. Aliyeketi kwenye xích lô, ambayo mwendo wake ni kama wa mtu anayekimbia polepole, husikia nyundo za mafundi bati wa Hàng Thiếc kabla ya kuwafikia, na hunusa dawa za miti shamba za mtaa wa Lãn Ông akiwa bado hajakunja kona. Pia huona kwamba nyumba ni nyembamba sana kwa mbele, nyingine mita 3 tu, lakini zinakwenda nyuma makumi ya mita. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba zamani kodi ilitozwa kwa upana wa duka linaloelekea barabarani.

Kwa watu wa maendeleo, jambo kubwa zaidi liko nyuma ya majina hayo. Mafundi wa mtaa mmoja mara nyingi walitoka kijiji kimoja. Wafua fedha wa Hàng Bạc, kwa mfano, asili yao ni kijiji cha Châu Khê, mashariki ya Hanoi. Walipofika mjini walikaa pamoja, wakajenga nyumba ya jumuiya iitwayo đình, wakafundishana kazi na kulinda ubora wake. Đình Kim Ngân, nyumba yao ya pamoja, ipo hadi leo katika namba 42 ya mtaa huo. Kwa maneno yetu tungesema kwamba mtaa ulikuwa chama cha ushirika kabla ya vyama vya ushirika kuandikishwa.

Ziara iliendelea hadi soko la Đồng Xuân, lililojengwa mwaka 1889 na kuungua mwaka 1994 kisha likajengwa upya. Si mbali na hapo huonekana daraja la chuma la Long Biên juu ya Mto Mwekundu, lililokamilika mwaka 1902. Ndege za Marekani zililipiga kwa mabomu wakati wa vita, nalo likatengenezwa tena na tena. Magari hayapiti, hupita treni, pikipiki, baiskeli na waenda kwa miguu.

Kwa upande wa Kanisa, mgeni huonyeshwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, lililofunguliwa mwaka 1886. Waprotestanti huitwa Tin Lành, maana yake Habari Njema, na kanisa lao liko mtaa wa Ngõ Trạm. Wamisionari wao wa kwanza walifika mji wa Đà Nẵng mwaka 1911. Tuliweza kuyasoma majina ya mitaa, walau kwa kubahatisha, kwa kuwa Kivietnam huandikwa kwa herufi za Kilatini zenye alama nyingi. Maandishi hayo yalianzishwa na wamisionari, na kamusi ya Padre Alexandre de Rhodes ilichapwa Roma mwaka 1651.

Kazi ya mwongoza wageni

Yote tuliyoyaeleza hapo juu tusingeyajua bila mwongozaji. Dereva wetu hakujua Kiingereza, nasi hatukujua Kivietnam. Mwongozaji alitangulia katika xích lô yake mwenyewe, akawa anasimamisha msafara mahali penye jambo la kueleza. Kabla ya kuondoka alifanya mambo matatu tunayoona yanafaa kuigwa. Alitaja njia na muda wa safari. Alitaja bei mbele ya madereva, kwa lugha zote mbili. Tatu, aliwatambulisha madereva kwa majina na umri wao, kila mmoja akatupa mkono.

Kutaja bei mbele ya wote si jambo dogo. Fedha ya Vietnam, dong, ina sifuri nyingi, na noti ya 20,000 na ile ya 500,000 zote zina rangi ya bluu. Mgeni aliyechoka anaweza kutoa moja akidhani ni nyingine. Aidha, bei isiyosemwa mapema huleta ugomvi mwishoni, na ugomvi huo humwangukia dereva.

Dereva na kipato chake

Kwa msaada wa mwongozaji tulizungumza na madereva wakati wa kupumzika. Wengi wa kazi hii hutoka mashambani, katika mikoa ya delta ya Mto Mwekundu, ambako eneo la shamba la mpunga kwa kila familia ni dogo. Wake zao hubaki kijijini na shamba. Wao hulala mjini katika chumba cha pamoja, na kurudi nyumbani wakati wa kupandikiza, wa kuvuna na wa sikukuu ya Tết, yaani mwaka mpya.

Tuliuliza juu ya malipo. Bei ambayo mgeni hulipa hotelini hupita mikono kadhaa: hoteli au wakala, kampuni yenye leseni, na mwisho dereva. Katika safari yetu, sehemu iliyomfikia dereva ilikuwa chini ya nusu ya tulicholipa. Mmoja wao, mwenye zaidi ya miaka 50, alisema kwamba halalamikii kugawana, kwa sababu kampuni ndiyo inayomletea abiria. Kinachomsumbua ni kwamba hajui mgeni amelipa kiasi gani.

Sheria nayo imebadilisha kazi hii. Baada ya mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986 yaitwayo Đổi Mới, pikipiki ziliongezeka hadi kufikia mamilioni, na abiria wa kawaida wakahamia xe ôm, ambayo ni bodaboda yao; maana ya jina hilo ni chombo cha kukumbatia. Mwaka 2007 serikali ilitoa azimio namba 32 juu ya usalama barabarani, lililopiga marufuku vyombo vya kujitengenezea vya magurudumu matatu na manne kuanzia tarehe 1 Januari 2008. Xích lô zilibakia hasa kwa ajili ya utalii, chini ya leseni na katika njia zilizopangwa. Kwa hiyo kilichokuwa usafiri wa wananchi sasa kinaishi kwa sababu mgeni anakitaka. Mgeni asipokuja, kama ilivyotokea mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19, dereva hana abiria mwingine wa kumtegemea.

Mambo ya kuzingatia kwa kamati zetu

Baadhi ya wageni huona aibu kuketi huku mtu mzima akiwasukuma, wakaamua kutopanda. Tuliuliza maoni ya madereva juu ya jambo hilo. Jibu lilikuwa fupi: asiyepanda anabaki na aibu yake, na dereva anabaki na njaa yake. Kwa maoni yetu heshima haipatikani kwa kuikwepa kazi ya mtu. Hupatikana kwa kumjua kwa jina, kwa kutompakiza uzito uliozidi, na kwa kumlipa sawasawa.

Kwa kamati zinazopanga ziara za wageni, tunashauri yafuatayo:

1. Bei ya ziara itangazwe wazi kwa mgeni na kwa watoa huduma wote: mwenye baiskeli, mpishi, mbeba mizigo, mwenye nyumba.

2. Mgawanyo uandikwe kabla ya mgeni kufika, na mtunza hazina aoneshe ni kiasi gani kinabaki usharikani na kwa kazi gani.

3. Mwongozaji afundishwe historia ya mahali, na awatambulishe wenzake kwa majina. Asiyezungumza lugha ya mgeni asigeuzwe kuwa kama sehemu ya chombo.

4. Mradi usitegemee wageni peke yao. Kikundi kiwe na wateja wa hapa hapa ambao watabaki msimu wa wageni ukipita.

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja. Mnapotutembelea, ulizeni bei mliyolipa imegawanywa vipi. Swali hilo si la kutuvunjia heshima, bali linatusaidia kuwajibika. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unawaonya vikali wenye mashamba waliozuia ujira wa wavunaji wao. Ujira unaweza kuzuiliwa hata pasipo nia mbaya, kwa kupita tu katika mikono mingi ambayo hakuna anayeihesabu.