TAIRI LA SIRI, MTIHANI WA GIZANI!

Mimi mzima, ingawa shingo bado inagoma kila nikitaka kugeuka kumwangalia mrembo akipita. Sababu ya shingo ndiyo stori yenyewe ya wiki hii, kwa hiyo tulia, usikimbilie ukurasa wa mapenzi.

Basi bwana, mwezi uliopita nilipanda basi hapa Singida mjini kwenda Dodoma. Jina la basi naliweka kapuni. Tumeshaiacha Ikungi, watu wameanza kusinzia, mara paaa! Tairi la mbele limebasti. Basi likavuta kushoto, dereva akapigana na usukani weee, tukaishia vichakani. Namshukuru Mungu hakufa mtu, ila mama mmoja siti ya mbele yangu alivunjika mkono.

Kilichoniuma si shingo. Ni utingo. Aliposhuka na kuliona lile tairi, akaropoka: "Si nilisema jana hili halifiki!" Kumbe walilijaribu jana yake, wakaliona limeanza kuvimba, wakanyamaza. Wao wanajua, sisi tuliolipa nauli hatujui. Hapo ndipo roho iliponichafuka.

Kesho yake nikaenda kijiweni kwa mzee mmoja fundi matairi, pale ambapo malori ya Rwanda na Kongo husimama kujaza upepo. Nikawapa washikaji mkasa wangu. Jamaa mmoja, shabiki wa kufa wa Lewis Hamilton, akadakia: "We unashangaa Singida? Hata Ulaya walishajaribu matairi kwa siri!" Kijiwe kikachangamka.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2013 kwenye mbio za magari ya langalanga, yaani Formula One, kampuni ya Pirelli ndiyo iliyokuwa ikitengeneza matairi ya timu zote. Timu ya Mercedes ilikuwa na gari la kukata na shoka kwa mzunguko mmoja, lakini ikishakimbia mbio nzima matairi yanakwisha kama sabuni ya gesti. Mei 12 kule Hispania, Nico Rosberg na Hamilton walianza wa kwanza na wa pili. Unajua walimaliza wa ngapi? Rosberg wa sita, Hamilton wa kumi na mbili! Aibu tupu.

Wenzao wakafunga virago. Mercedes wakabaki pale pale Barcelona. Kuanzia Mei 15 hadi 17 wakazunguka na Pirelli kiasi cha kilometa 1,000, wakitumia gari lao la mwaka ule ule na madereva wao wale wale. Tena Hamilton na Rosberg wakavaa helmeti nyeusi zisizo na alama zao, eti mashabiki wasijazane. Sasa ndugu yangu, kama jambo ni halali, helmeti ya gizani ya nini?

Shida ni kwamba tangu mwaka 2009 sheria ilikuwa imebana majaribio katikati ya msimu, ili timu zenye mshiko zisiwaache mbali wale walala hoi. Siku ya mbio za Monaco, Mei 26, Red Bull na Ferrari wakawasilisha malalamiko. Na nani alishinda Monaco siku hiyo? Rosberg! Moto ukawaka.

Kesi ikasikilizwa Paris mbele ya mahakama ya chama cha mbio za magari duniani, FIA, Juni 20, na hukumu ikatoka kesho yake. Mercedes wakajitetea kwamba jaribio lilikuwa la Pirelli, si lao, na kwamba waliuliza FIA kwanza wakaambiwa inawezekana. Mahakama ikakubali kuwa hawakuwa na nia mbaya, lakini ikasema walipata faida wasiyostahili. Adhabu? Karipio kwa Mercedes na Pirelli, na Mercedes kuzuiwa kushiriki majaribio ya madereva chipukizi mwezi Julai. Na adhabu hiyo ya Julai mwanasheria wao ndiye aliyeipendekeza! Yaani mtuhumiwa anajichagulia fimbo.

Mzee fundi akatikisa kichwa. "Mwanangu, aliyeomba ruhusa si mwizi. Mlaumu aliyempa ruhusa." Shikamoo mzee, lakini hapo tulitofautiana.

Nilipokuwa kidato cha nne, kuna mwenzetu mmoja aliitwa nyumbani kwa mwalimu usiku, "akasaidiwa" maswali ya mtihani wa majaribio. Naye aliruhusiwa, tena na mwenye mtihani! Lakini sisi tuliokesha na koroboi, nani alituruhusu? Ruhusa anayoijua mtu mmoja bado ni siri, na siri ndiyo inayowaumiza wengine.

Sasa sikia mwisho wake, maana ndio ulionifunga mdomo. Juni 30, siku tisa tu baada ya hukumu, mbio zikapigwa Silverstone, Uingereza. Hamilton anaongoza, mashabiki wa nyumbani wanashangilia, mara paaa! Tairi la nyuma kushoto limechanika. Mara Felipe Massa. Mara Jean-Eric Vergne. Mara Sergio Perez. Wote la nyuma kushoto! Vipande vya mpira vinaruka, wa nyuma wanavikwepa. Namshukuru Mungu na huko hakufa mtu.

Pirelli wakataja sababu kadhaa: timu zilikuwa zikifunga la kulia kushoto na la kushoto kulia, upepo uliwekwa kidogo kuliko inavyotakiwa, na kingo za barabara zilikuwa kali. Mzee fundi alipolisikia hilo la kwanza akacheka hadi akaangusha spana. Baadaye matairi yakabadilishwa, na majaribio ya Julai yakafunguliwa hata kwa madereva wakubwa, wajaribu mchana kweupe. Mercedes wakakaa benchi.

Umeona? Siri ya Barcelona haikumwokoa hata Hamilton mwenyewe. Tairi halijui nani kafanya jaribio la siri na nani hajafanya. Likichoka, linapasuka.

Ndiyo maana sasa hivi, kabla sijapanda basi, nazunguka naangalia matairi kwanza. Konda mmoja juzi akaniuliza: "Kaka, we trafiki?" Nikamjibu: "Hapana, mimi abiria." Abiria wengine wakaanza kushuka nao waangalie. Tulikuta moja kipara kabisa, likabadilishwa pale pale, tukachelewa nusu saa. Hakuna aliyelalamika.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Na yule mama wa siti ya mbele, kama unasoma hapa, pole sana mama yangu.